Zimebaki

Nilianza na maneno makubwa.
Mapato Ghafi. Gharama za Uendeshaji. Faida Halisi.
Kila neno na kijisanduku chake cha samawati.
Nikashuka Kariobangi, simu mkononi,
kama daktari aendaye kupima watu asiowajua.

Kwamboka alikuwa anageuza migongo wazi karaini.
Hakuniangalia. Alisema, Soma.
Nikasoma.
Akasema, Huyo Ghafi ni nani, na anadai ngapi?

Basi nikakaa juu ya kreti ya soda, nikafuta.
Moshi ulinisaidia kufuta.
Pesa huingia, akasema, pesa huenda, nyingine hubaki.
Ukijua jina la nne, niambie.
Nikaandika: Zimeingia. Zimeenda. Zimebaki.
Ukurasa ukapumua.

Tukaijaribu Jumanne yake.
Zimeingia elfu tatu na mia mbili.
Zimeenda: samaki wa Gikomba, elfu moja mia saba,
mafuta mia nne themanini,
makaa mia na hamsini, mkokoteni mia,
unga na chumvi sabini,
kanjo hamsini (hiyo usiipe jina, andika tu hamsini),
choo mara mbili, ishirini.

Sikuwahi kufikiria choo.
Miezi mitatu nimechora kitu hiki
Roysambu, katika chumba chenye choo ndani.

Zimebaki mia sita na thelathini.
Akafuta kidole kwenye aproni, akaigusa ile tarakimu
taratibu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto.

Hapo ningenyamaza.
Lakini chini kabisa nilikuwa nimetega swali,
la kunifanya nionekane nimesoma:
Umefanya kazi saa ngapi?
Saa kumi alfajiri yuko Gikomba.
Saa tatu usiku anamwaga majivu.
Kumi na saba, akasema, bila kugusa vidole.
Mashine ikagawanya. Mashine haina haya.
Thelathini na saba kwa saa,
kwa rangi nyekundu.

Mafuta yakaendelea kusema peke yake.

"Kwa hivyo saa yangu moja," akasema,
"ni kwenda choo mara tatu, na chenji ya shilingi saba."
Fundi baiskeli wa pembeni akacheka.
Yeye hakucheka. Aligeuza samaki aliyekwisha kuiva.

Nikasema nitaliondoa swali. Kidole kilikuwa tayari.
"Usiondoe. Lisogeze chini, uliwekee mlango.
Nikitaka kujua nitafungua mwenyewe.
Si kila jioni mtu hutaka kujua.
Na hiyo nyekundu toa.
Nyekundu naiona ya kutosha kwenye meseji za mkopo."

Kisha, kama aliyekumbuka chungu jikoni:
"Na wa kukopa umewaweka wapi?"

Sikuwa nimewaweka popote.
Kwangu mimi, kuuza kulikuwa kulipwa.
Akafungua daftari la mraba, kurasa zimelowa mafuta
hadi unaona deni la Mei kupitia deni la Juni:
Fundi, 90. Mama Pacha, 160. Askari wa geti, 80, 80, 80.
"Hizi hazijaingia. Samaki wameenda. Hakuna kilichobaki.
Ziite nini?"

Nilifikiri maneno yote niliyolipiwa karo kuyajua.
"Zinakuja," akasema fundi, akiwa bado na spana mdomoni.

Zinakuja. Nikakichora kijisanduku palepale,
kikubwa kuliko vile vingine, kwa sababu aliniambia hivyo,
na bila jumla chini yake,
kwa sababu aliniambia hivyo pia.

Giza lilipoingia alinifungia mgongo mmoja kwa gazeti.
Nikabonyeza simu nilipe. Ilikuwa imezima,
na senti zangu zote zikazima nayo.
Nilianza kujieleza.
Alikuwa ameshatoa simu yake, ile yenye kioo cha ufa,
ameshafungua ukurasa wangu, anaandika kwa kidole gumba,
akitamka kila herufi:

kijana wa hesabu, themanini.